iPad, kinanda na maiki mbili: kabla ya kulaumu programu, angalia umeme

Mkuu, umesema una iPad ya zamani kidogo yenye tundu la Lightning, saundi kadi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye iPad) ya maiki mbili, kinanda cha Yamaha na gitaa, na unataka kurekodi kwaya yenu. Ukichomeka saundi kadi kwa adapta uliyonayo, iPad inaleta ujumbe kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno. Mmoja kakushauri ubadilishe programu, mwingine kakwambia uuze iPad ununue kompyuta mpakato. Usiuze kitu. Nina miaka minne narekodi kwaya kwa iPad hapa Morogoro, na karibu kila kilichonikwamisha kilianzia kwenye umeme.

Saundi kadi yako haina betri. Inakula kwa yule iliyochomekwa kwake. Tundu la USB 2 la kompyuta linatoa hadi miliampea 500 bila kinyongo, lakini iPad ya Lightning inabana, hailishi mgeni kiasi hicho. Ukibonyeza na kile kitufe cha volti 48 kwa ajili ya maiki ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi), umeongeza mdomo mwingine kwenye sahani ileile. Ndiyo maana wengine wanasema "mbona kwangu inafanya kazi", halafu wakiwasha hiyo 48 kila kitu kinazima.

Unachohitaji ni adapta ya kamera ya Apple, ile ya USB 3. Jina lisikuchanganye, ilitengenezwa kwa ajili ya kuhamisha picha. Ina matundu mawili: moja la USB kubwa, la pili la Lightning la kuingizia chaja. Hilo la pili ndilo lenye kazi, kwa sababu chaja inalisha iPad na saundi kadi kwa pamoja. Kuna ndugu yake mwenye tundu moja tu. Huyo ndiye aliyenitesa mwezi mzima, kwa sababu kinanda anakitambua vizuri ila saundi kadi anaikataa. Baadaye nikanunua adapta ya kuigiza pale Kariakoo, ya bei poa. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu, kwaya ikiwa kwenye beti la tatu na wamependeza kweli, ikaachia. iPad ikarudi kwenye maiki yake ya ndani bila kunitaarifu, nikaja kugundua nyumbani kwamba nusu ya wimbo imerekodiwa kama mtu kaimba ndani ya ndoo.

Uchomekaji una utaratibu wake pia. Anza na chaja kwenye adapta, fuatisha saundi kadi, taa yake iwake, ndipo ufungue programu. Wenye iPad za USB-C (Pro tangu 2018, Air tangu 2020, ile ya kawaida tangu 2022) wana nafuu, mara nyingi unachomeka tu na inakubali. Tatizo lao ni kwamba tundu ni moja, kwa hiyo rekodi ikiwa ndefu utahitaji kigawanyio cha USB chenye njia ya kuchajia.

Sasa kuna umeme wa namna nyingine, ule unaoingia ndani ya rekodi yenyewe. Mwaka wa kwanza tulirekodi wimbo ambao doh ni G. Nikasikiliza kwa hedifoni, safi kabisa. Wiki iliyofuata tukarekodi mwingine, doh ni E, nikasikia mvumo chini ya sauti za besi, kama friji limewashwa chumba cha pili. Nikadhani maiki imekufa. Nikarudia kuusikiliza ule wa kwanza kwa makini: mvumo ulikuwepo tangu siku hiyo! Umeme wetu wa ukutani unatetema mara 50 kwa sekunde. G ya chini ya gitaa la besi, uzi mnene freti ya tatu, inatetema mara 49. Mvumo ulikuwa umejificha nyuma ya doh.

Mchawi alijulikana kwa bahati. Mpiga gitaa akigusa nyuzi, mvumo unapungua. Akiziachia, unarudi. Ni chaja ya pini mbili ya iPad, isiyo na waya wa ardhini, ndiyo iliyokuwa inauleta. Tulipoichomoa tukaweka pawabenki, kimya. Tangu hapo sirekodi kwa umeme wa ukutani hata siku ukiwepo. Ila jaribu pawabenki yako kabla ya siku yenyewe, maana baadhi hujizima zikiona kifaa kinavuta kidogo.

Kuhusu kinanda, hapa watu wengi wanapotea. Waya wa USB unaotoka nyuma ya kinanda, ule unaofanana na wa printa, kwa vinanda vingi haubebi sauti. Unabeba MIDI, yaani taarifa tu: kidole kimebonyeza C, kwa nguvu kiasi hiki, kimeachia saa hii. Sauti inatengenezwa na iPad. Kwa hiyo mpiga kinanda wenu akija na mtindo wake wa sebene aliouhangaikia, ukamuunganisha kwa waya huo, GarageBand (programu ya Apple ya kurekodi muziki) itatoa piano yake yenyewe, na mzee atakununia. Kuna Yamaha zinazopitisha na sauti kwenye waya huo, soma kitabu chake uhakikishe. Kama chako si hicho, toa sauti kwenye tundu la hedifoni la kinanda kwa waya unaogawanyika kushoto na kulia, uingize kwenye matundu mawili ya saundi kadi, upande wa laini (LINE, wa sauti za vyombo kama kinanda), si wa maiki. Sauti ya kinanda iweke zaidi ya nusu kidogo. Ukichomeka hapo spika za kinanda zinanyamaza, mpigaji lazima avae hedifoni, mwambie mapema asije akadhani umemharibia mali.

MIDI nayo ina utamu wake, sitaki uidharau. Noti ikikosewa unaivuta kwa kidole na kuisahihisha, huhitaji kumwita mtu arudie. Kwa piano na ogani mimi natumia hiyo.

Gitaa lina kitufe chake kwenye saundi kadi, kimeandikwa INST. Usipokibonyeza gitaa linasikika limefubaa, kama limefunikwa blanketi.

Ukishaunganisha, iPad itakuwa bubu. Haijaharibika: sauti yote sasa inatokea kwenye tundu la hedifoni la saundi kadi. Tumia hedifoni za waya. Niliwahi kumpa msoprano mmoja za bluetooth kwa sababu waya ulikuwa mfupi, akawa anaingia nyuma ya mpigo kila mara, mwalimu wa kwaya akamfokea mbele za watu. Kosa halikuwa lake. Bluetooth inachelewesha sauti, na kwa mwimbaji hata sehemu ndogo ya sekunde inatosha kumtoa kwenye mstari. Nilimwomba radhi, lakini hadi leo akiniona na hedifoni anacheka kwa kejeli.

Kwenye GarageBand yenyewe kuna mambo mawili tu ya kukuambia. La kwanza, wimbo mpya unaanza ukiwa na baa 8 (vipande vifupi vya mapigo). Usipoingia kwenye sehemu za wimbo ukauambia ujirefushe wenyewe, utarekodi hizo 8 na basi, kwaya inaendelea kuimba na wewe huna kitu. La pili, ruhusu kwenye mipangilio kurekodi njia nyingi (track) kwa mara moja, kisha njia ya kwanza uipe tundu la 1 na ya pili tundu la 2. Vinginevyo huwezi kurekodi maiki zako mbili kila moja kwenye njia yake. Kisha iPad iweke hali ya ndege.

Usikaze sauti hadi taa iwe nyekundu. Waambie waimbe ile sehemu ya nguvu kuliko zote, weka kipimo hapo, halafu punguza kidogo, maana siku ya kurekodi wataimba kwa nguvu zaidi. Na kama kanisa lina bati bila dari, angalia mawingu.

Kuna aliyeuliza pia kama kishikwambi cha Android kinafaa: MIDI ipo tangu Android 6, na saundi kadi nyingi zisizohitaji draiva (programu ndogo ya kukitambulisha kifaa) zinakubali kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye kishikwambi. Shida ni ucheleweshaji, ambao unatofautiana sana kifaa kwa kifaa. Programu ya kurekodi iitwayo Audio Evolution Mobile ina draiva yake yenyewe ya USB na kwangu ilifanya vizuri kuliko nyingine nilizojaribu.

Mkuu, piga picha adapta uliyonayo, upande wa matundu, uiweke hapa. Nahisi ni ile ya tundu moja.