Viola Davis, wa jukwaani au wa filamu?

SWALI: Dada shikamoo, nabishana na mwenzangu, anadai Viola Davis, yule mwigizaji wa Marekani, ni wa filamu tu, jukwaani hajawahi kukanyaga. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mkweli ni wewe! Viola kasomea Juilliard, chuo cha sanaa kule New York, na Tony yake ya kwanza (tuzo ya michezo ya jukwaani) ni ya 2001, halafu Rose, yule mke kwenye tamthilia ya Fences, alimcheza kwanza Broadway (kumbi kubwa za tamthilia za New York) akabeba Tony nyingine 2010, akaja kumrudia kwenye filamu akachukua Oscar 2017. Itazame ile sini mume anakiri ana mwanamke nje, machozi na kamasi vinamtoka pamoja, yaani mi kila nikiiona nalia naye. Emmy, tuzo ya televisheni, alipata 2015, na Grammy, tuzo ya muziki na kazi za sauti, 2023.