Maswali na majibu: Ubongo unaaminije?

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: imani. Naitumia kwa maana pana, si ya dini tu. Kusadiki kwamba umefunga mlango nayo ni imani.

Kuna sehemu maalumu ya ubongo inayoamini?

Hapana, zinashirikiana nyingi. Lakini mwaka 2008 mtafiti wa ubongo Sam Harris na wenzake waliwalaza watu 14 kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakawasomesha sentensi na kuwauliza: kweli, si kweli, au hujui? Sentensi walizokubali ziliamsha zaidi eneo la chini nyuma ya paji la uso, ambalo pia hupima kipi kinatufaa na kipi kinatupendeza. Kukataa kuliwachukua muda mrefu kuliko kukubali.

Mbona uongo ukirudiwa sana huanza kuonekana kweli?

Jambo ulilowahi kulisikia hupita kichwani bila kukwama, na ubongo huuchukulia wepesi huo kuwa dalili ya ukweli. Hili lilionyeshwa mwaka 1977, watu waliposomewa madai kwa awamu, wiki mbili mbili. Yaliyorudiwa yalizidi kuaminiwa, ya kweli na ya uongo sawasawa. Na usijidanganye kwamba kulijua hili kunakukinga. Mimi hunasa kila siku.

Mtu akieleza kwa nini anaamini jambo, ndiyo sababu yenyewe?

Mara nyingi sivyo, na hapa ndipo ninapopapenda.

Miaka ya 1970 watafiti wa ubongo Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walimpima kijana aliyekatwa nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo, ili kutuliza kifafa. Upande wa kulia walimwonyesha mguu wa kuku; picha ikaenda nusu ya kushoto ya ubongo, ambayo ndiyo msemaji. Upande wa kushoto wakamwonyesha theluji. Ikaenda nusu ya kulia, iliyo bubu. Kisha wakamwambia achague picha zinazoendana na alichokiona. Mkono wa kulia ukagusa kuku. Wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukagusa sepetu, maana theluji huzolewa kwa sepetu.

Wakamuuliza: sepetu ya nini? Msemaji hakuwa ameiona theluji hata kidogo. Angeweza kusema "sijui". Badala yake akajibu papo hapo kwamba mguu unaendana na kuku, na sepetu ni ya kusafishia banda la kuku.

Hakuwa anadanganya, aliamini kabisa alichosema. Gazzaniga aliipa kazi hiyo ya nusu ya kushoto jina la mfasiri: inaokota kilichokwisha kutendeka na kukitungia sababu. Sisi ambao nyuzi zetu hazijakatwa tunaye mfasiri yuleyule.

Ni kweli kuna ugonjwa wa kusadiki kwamba mkeo si mkeo?

Upo. Unaitwa Capgras, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1923. Mgonjwa anaitambua sura barabara, ila ule mshtuko mdogo wa kumwona mpendwa, unaopimika kwa jasho la ngozi, haupo. Sura ya mke, moyo kimya: basi huyu ni mwigo! Wapo waliomkana mzazi uso kwa uso, kisha wakamkubali alipopiga simu.

Ukimpa mtu ushahidi, ndivyo anavyozidi kushupaa?

Mimi pia niliwahi kulirudia dai hilo, lililovuma baada ya utafiti wa mwaka 2010. Waliolipima upya kwa maelfu ya watu hawakuona kushupaa huko ila kwa nadra. Wengi hujongea kidogo kuelekea ukweli. Kinachogoma ni imani iliyoshikamana na utambulisho wa mtu. Mwaka 2016 watu 40 walipingwa misimamo yao ya kisiasa wakiwa ndani ya MRI. Waliogoma zaidi ndio ambao amigdala yao, kitovu cha hofu na tahadhari, ilichangamka zaidi. Walipoambiwa kwamba huenda si Thomas Edison aliyevumbua balbu, walilegea kwa urahisi zaidi.