Kupasha kiporo hakuondoi sumu

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama lishe, nauza chakula karibu na stendi hapa Morogoro. Wali unaobaki jioni naufunika kwenye sufuria, asubuhi naupasha hadi ufuke mvuke ndipo nauza. Wiki iliyopita wateja watatu walitapika saa mbili tu baada ya kula, na wali haukuwa na harufu yoyote. Jirani ameniuzia unga wa majani wa kunyunyizia, anasema unaua bakteria wote. Niutumie, au niongeze tu muda wa kupasha?

JIBU: Marahaba, dada. Unga huo usiutie kwenye chakula cha mtu. Na kuongeza muda wa kupasha hakutakusaidia, hata ukipasha mpaka wali uungue.

Kutapika haraka namna hiyo, wali uliolala nje, hakuna harufu: ukiniambia hayo matatu kwa pamoja, wa kwanza ninayemshuku ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Anaishi udongoni, anafika nyumbani kwako pamoja na mchele, na kuosha mchele hakumwondoi. Ni maabara tu inayoweza kuthibitisha, kwa kupima chakula kilichobaki au matapishi.

Kauli inayonichosha kuliko zote katika kazi hii ni "moto unaua kila kitu." Naisikia kwa mama lishe, kwa wapishi wa hoteli, kwa wasimamizi wa jikoni za shule, hata kwa watu wenye vyeti ukutani. Moto unaua bakteria aliye macho. Aliyelala haumwui, na kuna sumu aliyokwisha kuitoa ambayo hauiharibu. Kiporo kinaweza kuwa na vyote viwili.

Chakula kinapomwishia, bakteria huyu hujigeuza kuwa spora. Hutoa maji mengi katika kiini chake, hukijaza kalsiamu na kemikali iitwayo asidi ya dipikoliniki, huizungushia DNA yake protini ndogo za kuilinda, kisha hujifunika magamba juu ya magamba. Akiwa hivyo, hali chakula, hakui, hazai. Anangoja tu, kama mbegu kavu inavyongoja mvua. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayamtoshi. Tena joto la kupika ndilo linalomgutusha aanze kuamka, na wakati huohuo limeua vijidudu vingine vingi ambavyo vingegombania naye chakula. Sufuria ikianza kupoa, anakuta wali laini, wenye maji, vuguvugu, na wapinzani wachache.

Sufuria yako ya jioni, iliyojaa na kufunikwa, haipoi upesi. Pembeni utaigusa uone imepoa, lakini katikati bado kuna vuguvugu kwa saa nyingi. Hapo spora huota, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu iitwayo sereulidi. Sumu hii imejaribiwa kwa nyuzi 121, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki kabisa, kwa saa moja na nusu, na ikabaki sumu. Kwa hiyo asubuhi unapoona mvuke unafuka, bakteria wengi wamekufa kweli, lakini kinachomtapisha mteja kimo sahanini.

Mwaka 2008 mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alipasha tambi zilizokaa jikoni siku tano bila friji, akala. Alifariki usiku uleule, ini limeharibika. Wengi hutapika nusu siku na kupona, ndiyo maana watu wanalichukulia jambo hili kama maumivu madogo ya tumbo. Nalitaja tukio hilo kwa sababu chakula chake kilipashwa.

Harufu nayo usiitegemee. Vijidudu vinavyochachusha chakula na vile vinavyowafanya watu waugue mara nyingi si vilevile. Wali unaweza kunukia vizuri na kumlaza mtu hospitali.

Sasa kazi yako. Wali wa kuuza uweke juu ya makaa au kwenye hotipoti, joto lisishuke chini ya nyuzi 60. Ukibaki, usiuache kwenye sufuria: umwage kwenye masinia mapana, tabaka jembamba, upoe ndani ya saa mbili, kisha uingie friji mara moja, chini ya nyuzi 5. Kama huna friji, pika sufuria ndogo mara mbili kwa siku badala ya kubwa mara moja, na kitakachobaki usikiuze. Najua mchele ni pesa. Lakini huo uliolala nje umeshapotea tangu usiku, kuupasha ni kupoteza na mkaa juu yake.

Wateja wako wanywe maji yenye ORS kidogo kidogo. Anayeendelea kutapika, anayelegea, au macho yakigeuka manjano, aende hospitali leo. Wasikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Antibayotiki haigusi sumu iliyokwisha kuingia mwilini.

Nirudi kwa jirani yako, kwa sababu watu wa aina yake wamekuwa wengi. Anayekuuzia unga wa "kuua bakteria wote" muulize kama unaua spora na kama unavunja sereulidi. Atabadilisha mazungumzo. Wengine wanauza limau na siki kwa ahadi hiyohiyo, eti ukali wake unatosha. Mwaka 1996 huko Marekani na Kanada, watu zaidi ya 60 waliugua kwa juisi ya tufaha isiyochemshwa, na mtoto mmoja akafa. Juisi ya tufaha ni kali, lakini bakteria aitwaye E. coli aliyekuwemo aliuvumilia ukali huo. Bakteria akionjeshwa asidi kidogo kwanza, hujiandaa kwa kali zaidi. Friji nayo huwachelewesha wengi bila kuwaua, na bakteria mwingine, Listeria, huendelea kukua humo polepole.

Wanaonitia hofu kuliko wote sasa ni wauzaji wa kitunguu saumu kilichosagwa kwenye mafuta, chupa nzuri, lebo inayosema kinadumu miezi bila friji kwa kuwa "kimechemshwa." Kitunguu saumu hutoka udongoni na huweza kubeba spora za Clostridium botulinum. Kuchemsha hakuzimalizi, mafuta yanazuia hewa, na bakteria huyu hustawi pasipo hewa. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa bidhaa ya namna hiyohiyo. Sumu yake hupoozesha misuli, pamoja na ile ya kupumua. Kama unayo chupa hiyo kabatini, usiifungue kuinusa wala kuonja. Itupe ikiwa imefungwa, na mwambie aliyekuuzia kwa nini umeitupa.