Jibu: Kuwashirikisha wageni kwenye tovuti ya nyumba ya kulala wageni
Ndugu yangu, umeuliza iwapo picha zinazojisogeza zenyewe zitawazuia watu kuondoka mapema kwenye tovuti ya nyumba yako ya wageni hapa Mwanza. Kwa maoni yangu hazitoshi, kwa sababu mtu hushikwa na kile anachoweza kukitenda mwenyewe, si kile kinachochezacheza mbele ya macho yake. Weka ramani ya ziwa ambayo, akigusa Kisiwa cha Saanane, Jiwe la Bismarck au Ukerewe, itamwonyesha picha, njia ya kufika na umbali kutoka mlangoni pako. Kisha weka kikokotoo kinachompa gharama papo hapo anapochagua tarehe na idadi ya watu, bila kumlazimisha kujisajili kwanza. Hicho kikokotoo ndicho ningeanza nacho. Kila kitufe kiitikie upesi: kwa kipimo cha Google, mwitikio mzuri ni ule usiozidi milisekunde 200. Kwa kuwa wengi watakuja kwa simu, punguza uzito wa picha na uujaribu ukurasa kwenye simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao dhaifu, kabla ya kuutangaza. Muziki unaoanza wenyewe uuondoe kabisa.