Jibu: Choma ya marafiki wasiokula nyama

Ndugu, umeuliza uwachomee nini rafiki zako wasiogusa nyama, mayai wala maziwa. Mihogo na mahindi ni rahisi, kila mtu anajua. Mimi ningeweka nguvu kwenye uyoga, ule uitwao mamama (oyster).

Usiuloweke, ufute tu kwa kitambaa. Uchane kwa mkono vipande virefu, upake kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba, ukwaju mzito na mafuta kidogo. Chumvi iwe ya mwisho kabisa: ikitangulia, uyoga unatoa maji na utachemka badala ya kuungua. Vijiti vya kutungia uyoga viloweke majini nusu saa, na subiri makaa yashike majivu meupe.

Pembeni, maharage ya nazi yenye tui zito. Hapo hata walaji nyama watarudia sahani, na usishangae wakimaliza mishikaki ya wenzao, kwa hiyo tunga ya ziada. Chapati zisukume kwa mafuta ya kawaida, samli ni maziwa hiyo.

Halafu watengee wavu wao. Kuchoma uyoga juu ya mafuta ya mbuzi si ustaarabu.