Irente kwa Miguu, kwa Wewe Uliyeambiwa Huwezi

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Nina kilo 94, goti la kushoto linanisumbua, na mume wangu anasema milima si ya watu kama mimi. Nianzie wapi?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Dada yangu, anzia Irente, ule mwamba wa kutazamia mandhari karibu na Lushoto, milima ya Usambara.

Nakuambia hivyo kwa sababu nami niliambiwa maneno hayo hayo. Miaka minne iliyopita nilijiunga na kikundi cha wapanda milima, safari yangu ya kwanza ikawa Uluguru. Hatukumaliza saa moja, pumzi ikanikata. Kiongozi akasema mbele ya wote, "Mama huyu atatuchelewesha," wakaniacha kando ya njia na chupa ya maji iliyobaki nusu. Nilikaa pale mpaka waliporudi alasiri, wanaimba. Yale maneno bado yananiuma. Watu wazima hawafanyiani hivyo.

Basi mwezi uliopita nimempeleka mama yangu mzazi Irente, na ana miaka 67.

Habari za basi hadi Mombo, na zile kona za kupandia Soni, nitaziacha. Tulilala Lushoto, na saa mbili asubuhi tukaanza kutembea. Ni kama kilomita sita kutoka mjini, njia ya gari, mwinuko wake wa kiasi. Akina mama waliobeba kabichi kichwani walitupita wakitusalimu kwa Kisambaa, "Onga makeo", na mama yangu, Mzaramo wa Kisarawe, akawa anaitikia kwa furaha kama mwenyeji. Kila aliposimama, nami nilisimama. Hapo ndipo siri ilipo: tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kuongea, simama. Polepole, na tena polepole.

Kwenye shamba la Irente tulinunua mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na jibini wanayotengeneza wenyewe. Mayai ya kuchemsha na chupa ya chai tulitoka navyo.

Halafu ardhi ikakatika. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde: mabati yanamemeta, mkonge umepandwa mistari iliyonyooka kama ukili, na tambarare ya Wamasai inakwenda hadi macho yachoke. Mwamba hauna ukuta, kwa hiyo mkeka tandika mbali na ukingo, na mtoto mshike mkono.

Goti lako, dada, litalalamika zaidi wakati wa kushuka. Rudi na bodaboda, si aibu. Vaa raba zilizokwisha kuzoea mguu. Nenda siku ya anga safi, maana ukungu ukitanda huoni kitu. Na usimsubiri mtu akupe ruhusa! Wanawake tunazeeka tukisubiri ruhusa ya watu ambao hawajawahi kutubebea hata chupa ya maji. Mume akikataa kuja, njoo na dada yako, njoo na jirani, njoo na mama yako.

Mama yangu alimega mkate, akaitazama barabara kuu kule chini, malori yanatambaa kama siafu. Akakaa kimya muda mrefu.

"Miaka yote napita pale na basi kwenda Moshi kwa shangazi yenu," akasema, "naangalia huku juu nikijua ni makazi ya ndege tu."

Akaomba chai nyingine.