Giaboksi ya MGB haitoki kwa chini, isikilize kwanza kabla ya kushika spana

Wadogo zangu mnaoanza na hizi gari za zamani za Muingereza, kwenye MGB msikimbilie kufungua. Endesha gari kwanza, zima redio, sikiliza. Ikilia kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu halafu ukiweka ya nne inanyamaza, hapo mara nyingi ni leishafti (ile shafti ya pembeni ndani ya giaboksi inayopitisha nguvu kwenye gia za chini) na beringi zake za sindano, kwa sababu ya nne nguvu inapita moja kwa moja na leishafti inazunguka tu bila mzigo. Ikilia ukiwa fri, yaani bila gia, na ukikanyaga klachi inatulia, beringi ya shafti ya mbele nayo iangalie. Ikikwaruza ukiingiza ya pili basi ringi za sinkro (zile zinazolinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kelele) zimekwisha, ila hakikisha klachi inaachia vizuri maana isipoachia inakwaruza kila gia, rivasi ndio usiseme. Na zile za kabla ya mwisho wa 1967 gia ya kwanza haina sinkro kabisa, kwa hiyo kukwaruza gari ikiwa bado inatembea sio ugonjwa. Andika yote hayo, giaboksi ikishakuwa mezani huwezi tena kuyasikia.

Sasa kuitoa. Usihangaike kulala chini na jeki ukidhani utaishusha peke yake, hii inatoka pamoja na injini, kwa juu, kwa kreni, pua ya injini imeinuliwa sana. Toa boneti, rejeta, ekzosi, waya wa spidomita, fimbo ya gia kwa ndani. Propela, ile shafti ndefu inayokwenda nyuma kwenye difu, weka alama kwenye flenji zote mbili kabla hujafungua. Silinda ya klachi ya chini ifungue boliti zake tu, uifunge pembeni na kamba bila kugusa paipu, utajiokolea kazi ya kutoa hewa baadaye. Oili mwaga mapema, na kabla hujafungua ile krosimemba ya nyuma (chuma cha kukatiza kinachobeba giaboksi) weka jeki chini ya giaboksi, hapo watu wanaumia vidole.

Ukiitenganisha na injini, giaboksi isining'inie hata sekunde kwenye shafti ya mbele, uzito wote unaenda kwenye sahani ya klachi na inapinda. Hili nalisisitiza sana kwa sababu utaligundua gari ikishafungwa, klachi haiachii na kazi yote unairudia.

Ndani, leishafti ndio ya kukagua kwa makini. Ifute, ipeleke kwenye mwanga, pitisha ukucha pale sindano zinapokaa, ukikwama kwenye vishimo vidogo vidogo basi ule ugumu wa juu umeshabanduka na unga wake umetembea na oili kwenye beringi zote, sasa ukibadilisha leishafti ukaacha beringi za zamani umefanya nusu ya kazi. Rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ni ya kaboni, haipakwi grisi, weka mpya hata kama ya zamani inaonekana ina maisha. Oili sili nazo vilevile, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuitoa injini tena.

Kama ina ovadraivu ya Laycock (kifaa cha nyuma ya giaboksi kinachopunguza mzunguko wa injini ukiwa mwendo wa kasi), wakati wa kuirudisha kuna meno ya seti mbili ndani ambayo lazima yalingane ndipo shafti iingie. Iingie kwa mkono, unazungusha taratibu huku unasukuma. Ikibaki nafasi kati yake na giaboksi usivute kwa nati hata kidogo, utavunja kitu, irudishe nyuma ulinganishe upya.

Oili ni ya injini, 20W-50, sio ile nzito ya difu, ovadraivu inatumia hiyo hiyo na nzito itaisumbua. Jaza, endesha kidogo ovadraivu ifanye kazi, halafu pima tena maana itakuwa imenyonya na kimo kimeshuka.